VLOOKUP na Karafuu za Kinole

Wengi wetu tukirudi kutoka fildi tunakuwa na shiti mbili. Moja ni ya dodoso: mkulima, kijiji, zao, mavuno. Nyingine ni ya vijiji: kata, wilaya, mwinuko kutoka usawa wa bahari. Halafu inakuja kazi ya kuziunganisha, na hapo nimeona watu bwenini wanakesha wakikopi na kupesti mstari kwa mstari. Hakuna haja. VLOOKUP inaimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, ila ina tabia moja ambayo lazima uijue kabla hujaiamini.

Tuseme shiti ya pili inaitwa Vijiji, majina yako safu A na mwinuko safu D. Kwenye dodoso, kijiji cha mkulima wa kwanza kipo seli B2. Andika:

=VLOOKUP(B2,Vijiji!$A$2:$D$13,4,FALSE)

Isome kama unavyomtuma mdogo wako dukani: chukua jina lililopo B2, litafute kwenye safu ya kwanza ya jedwali lile, ukiliona nenda hadi safu ya nne, uniletee kilichopo. Alama za dola zinalishikilia jedwali lisisogee unapoivuta fomula kwenda chini. Na FALSE maana yake: kama halipo, usiniletee linalokaribiana nalo.

Hiyo FALSE ndiyo wengi wanaiacha. Ukiiacha, Excel inachukua TRUE. Yaani inaamini majina yamepangwa kwa alfabeti, na isipoliona unalotaka inakuletea linalolitangulia. Haitoi onyo lolote. Chukua jedwali dogo lenye Bunduki, Langali, Matombo na Nyandira, na Kinole imesahaulika. Mkulima wako wa Kinole atapewa mwinuko wa Bunduki. Sasa, Bunduki iko juu huko Mgeta, kwenye baridi ya kabichi na viazi. Kinole iko upande wa mashariki wa Uluguru, kwenye joto la karafuu, pilipili manga na mdalasini. Ripoti yako itasema karafuu inastawi kwenye baridi, na afisa ugani akiiamini atapeleka miche huko. Mkarafuu unachukua miaka kama 6 hivi kabla ya kuvunwa. Mkulima atakuja kujua wakati sisi tumeshahitimu zamani.

TRUE ina mahali pake lakini. Ukitaka kugeuza alama kuwa madaraja, jedwali likianzia 0 kwenda juu, B+ ikianza 60 na A ikianza 70, mwenye 68 anapewa B+ bila wewe kuorodhesha kila namba.

Ukiweka FALSE utaanza kuona #N/A, na watu wanaichukia kweli. Wengine wanaifunika kwa IFERROR iandike sifuri. Jamani! Sifuri hiyo inaingia kwenye wastani, na kijiji cha mlimani kinahamia ufukweni Bagamoyo. Mimi naiacha ionekane, kisha natafuta chanzo. Mara nyingi ni tahajia tu: mmoja kaandika Tchenzema, mwingine Chenzema. Au aliyejaza kwa simu kaacha nafasi baada ya jina. Hiyo TRIM inaiondoa.

Vijiji viwili vikiwa na jina moja, VLOOKUP inaleta cha kwanza kinachokutana nacho, basi. Dawa yake ni kukipa kila kijiji msimbo wake tangu dodoso linapoandaliwa, na kutafuta kwa msimbo badala ya jina. Msimbo ukiwa kulia mwa unachotaka kukileta, VLOOKUP haiangalii nyuma. Tumia INDEX na MATCH, na kwenye MATCH malizia na 0. Wenye Excel ya 2021 au mpya zaidi wanayo XLOOKUP, ambayo yenyewe huanza na ulinganifu kamili.

Kabla ya kumpelekea msimamizi, chomoa madodoso matatu ya karatasi, yoyote yale, uyalinganishe na mistari yake kwenye shiti. Ni dakika tano tu.