Fremu ya Shanta la Mizigo Mizito: Namna ya Kuichagua na Kuiboresha

Tulipofika Mwazye, wilayani Kalambo, kutoa elimu ya haki za mlaji, kijana mmoja hakuja na swali. Alikuja na shanta lililokatika. Alikuwa amelinunua mjini Sumbawanga kwa fedha za vibarua vya msimu mzima wa mavuno, akitarajia kuajiriwa na wawindaji wenye leseni ili awabebee nyama kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Siku ya kwanza tu, akiwa na mapaja mawili ya kongoni mgongoni, kifungo cha mkanda wa kiunoni kilifyatuka akiwa anapanda. Uzito wote ukahamia mabegani na kumvuta nyuma, akaanguka, akateguka kifundo cha mguu. Ujira wa siku zilizobaki ukapotea. Aliporudi dukani akiwa anachechemea, muuzaji alimwonesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tulilichunguza shanta lile pamoja naye. Kitambaa kilikuwa kizima, zipu zilikuwa nzima, na rangi yake ilipendeza. Lakini tulipokunjua sehemu ya mgongoni hatukukuta fremu, bali karatasi ngumu ya plastiki iliyojipinda kama ganzi la mua. Lilikuwa begi la kubebea nguo za safari, nalo liliuzwa kwa mtu aliyesema wazi kwamba anataka kubebea nyama. Somo hili limeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila anayebeba mahindi, asali, kuni au mawindo halali kwenye njia ambayo pikipiki haifiki.

Kazi ya fremu

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walibeba pembe za ndovu na vitambaa kichwani au begani, na mzigo wa mtu mmoja mara nyingi ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Wengine walitumia mzegazega, mti ulalao begani ukiwa na mzigo kila ncha. Hatuzidharau njia hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya ulionesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao, hao kichwani na hawa kwa ukanda wa kwenye paji la uso, bila miili yao kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Hakuna shanta la dukani linaloweza kujivunia jambo kama hilo.

Tatizo huanza mzigo unapozidi kiasi hicho, njia inapokuwa ya mawe, na mbebaji anapohitaji mikono yake kushika mti au jabali. Uso wa Ziwa Rukwa uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Ufipa katika sehemu nyingi unapita mita 1,500. Anayepandisha mzigo kutoka bondeni hadi uwandani anapanda mita mia saba au zaidi. Katika safari ya namna hiyo, fremu ina kazi moja: kuutoa uzito mabegani na kuukalisha kwenye mifupa ya nyonga, ambako miguu huupokea moja kwa moja. Mabega yabaki na kazi ya kuuzuia mzigo usiyumbe. Fremu inayojipinda haiwezi kufanya hivyo, hata ikiwa imeshonewa mikanda kumi.

Lloyd Nelson wa Marekani alipata hataza ya shanta la fremu ya mbao na turubai miaka ya 1920, na mwaka 1952 Dick Kelty akaanza kuuza mashanta ya fremu ya alumini. Tunalitaja hilo kwa sababu moja: fremu njema ilianza kwa mbao, na fundi seremala wa Matai au Mwazye hana sababu ya kujiona hawezi kuitengeneza.

Kuichagua dukani au mnadani

Pima kwanza mgongo wako, usianze na begi. Inamisha kichwa, mwenzako atafute mfupa unaochomoza chini ya shingo. Kisha weka mikono yako juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Umbali kati ya mfupa ule na mstari wa vidole gumba ndio urefu wa mgongo wako. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sana kwa kipimo hiki, kwa hiyo usinunue shanta kwa sababu linamfaa ndugu yako. Mikanda ya mabegani ikianzia chini mno, mzigo utakuvuta nyuma na hakuna namna ya kukaza itakayokuokoa.

Halafu lipindue shanta uitazame fremu yenyewe. Shika ncha mbili za pembeni uzisokote kama unayekamua nguo. Ikijikunja, irudishe. Tazama maungio: yaliyochomelewa yasiwe na ufa wala kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya, na yaliyofungwa kwa riveti yasicheze. Mkanda wa kiunoni uwe mpana, wenye sponji ngumu, na ushikwe na fremu yenyewe. Ukishonewa kwenye kitambaa peke yake, mshono utaachia siku utakapouhitaji. Kifungo chake kifunge na kufungua mara ishirini mbele ya muuzaji. Wapo wauzaji wanaokereka kwa jambo hili. Waache wakereke.

Jaribio lisilo na mbadala ni la uzito. Muuzaji wa mashanta mara nyingi yuko hatua chache kutoka kwa muuzaji wa nafaka. Omba kwa adabu mfuko wa kilo 25, uufunge kwenye fremu, ukaze mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, kisha ulegeze kidogo mikanda ya mabegani. Mzigo ukibaki mahali pake na mabega yakapumua, fremu inafanya kazi. Ukiteremka hadi matakoni, umeokoa fedha zako. Tembea dakika kumi, panda ngazi kama zipo, jiinamishe na uinuke.

Katika mitumba hupatikana mashanta mazuri kuliko mapya ya bei hiyohiyo, mradi uchunguze mishono na plastiki iliyopauka kwa jua. Lakini tahadhari na yenye madoadoa ya kijeshi, hata yawe imara kiasi gani. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi, au yanayofanana nayo, kuyasalimisha. Begi la bei nafuu lisikufikishe kituo cha polisi.

Kuiboresha uliyonayo

Wengi wa wasomaji wetu hawatanunua shanta jipya mwaka huu, na hawana haja. Mapungufu mengi ya fremu ya kawaida hurekebishika kwa vitu vinavyopatikana kijijini.

Kinachokosekana mara nyingi ni kibao cha chini cha kuketisha mzigo. Nyama, tofauti na nguo, huteleza na kujikusanya chini, na kila inaposhuka huuvuta mgongo nyuma. Funga kibao chembamba chenye upana wa kiganja mwishoni mwa fremu, kikitokeza nje, na mzigo uketi juu yake. Tumia bolti na nati zenye washa badala ya misumari, kwa kuwa msumari hupasua mbao na hulegea kwa mtikisiko wa hatua. Pale ambapo bolti haifai, vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa na kufungwa vikiwa vimekazwa hushika vizuri sana, tena hujirudi bila kukatika.

Mkanda wa kiunoni unaweza kushonwa na fundi viatu kwa turubai la zamani lililokunjwa mara tatu. Ndani yake weka soli za ndala zilizochakaa. Sponji ya godoro inapendeza mkononi, lakini chini ya kilo 30 hulala bapa kama karatasi na hunyonya jasho. Soli ya ndala haifanyi hivyo. Soli hizohizo zinafaa kwa mikanda ya mabegani.

Jambo la tatu ni mkanda mfupi unaotoka juu ya bega hadi kwenye ncha ya juu ya fremu, ukipanda kwa mwinuko wa nusu ya pembe mraba hivi. Ukiuvuta, mzigo hukaribia mgongo. Ukiulegeza, huachana nao. Mashanta mengi ya bei nafuu hayana mkanda huu, na fundi viatu huuongeza kwa muda mfupi. Umuhimu wake utauona mara moja unapopanda.

Anayetaka kutengeneza fremu mpya atumie mbao iliyokauka, iliyonyooka nyuzi na isiyo na vifundo, au mwanzi uliokomaa. Miti miwili ya wima na fito tatu za kukingama zinatosha, na ukanda mpana wa turubai ukazwe katikati ili mti usiguse uti wa mgongo. Wachomeleaji hupendekeza bomba la chuma la nusu inchi. Ni imara, lakini mita moja ya bomba hilo la kawaida ina uzito unaozidi kilo moja, na fremu inayohitaji mita tatu itakuwa na karibu kilo nne kabla hujaweka kitu. Sisi tungechagua mbao.

Uzito na nyaraka

Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mtu mzima. Hicho ni kikomo, wala si kipimo cha kazi ya kila siku. Kwenye Mlima Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Kwa njia za kupanda kutoka bonde la Rukwa, maoni yetu ni kwamba kijana mwenye afya asizidishe kilo 25 hadi 30, na aupime mzigo kwa mizani ya kuning'iniza badala ya kuukadiria kwa kuuinua. Kongoni mkubwa huweza kufikia kilo 140 na zaidi, na nusu yake hivi ni nyama na mifupa ya kubebwa. Huo ni mzigo wa watu watatu, au safari tatu, hata kama mwenye mawindo anasema wawili wanatosha. Nyama ibebwe katika mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa, iliyopoa kwanza kivulini, na vipande vizito viwekwe juu karibu na mgongo. Katika miteremko mikali vishushwe kidogo ili usipinduke.

Kabla ya kuinua chochote, omba kuiona leseni ya mwindaji na uhakikishe mnyama aliyemo ndiye aliyeandikwa. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, nyama ya mnyamapori ni nyara, na anayekutwa nayo bila kibali hushitakiwa hata kama hakufyatua risasi. Mbebaji ndiye anayekutwa nayo. Mwindaji wa halali hakasiriki kuulizwa.

Kuhusu karatasi ile ya ukutani: tangazo la muuzaji haliondoi haki ya mlaji kwa bidhaa yenye kasoro au isiyofaa kwa kazi aliyoitaja wakati wa kununua. Haki hiyo inalindwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Kwa hiyo sema wazi dukani, ikiwezekana mbele ya shahidi, kwamba unanunua kwa ajili ya kubeba kilo kadhaa, na udai risiti. Muuzaji akikataa kusikiliza, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatanisha picha ya mahali palipokatika.

Kijana wa Mwazye hakuwa na risiti. Alikuwa amelipa kwa simu, na ujumbe wa malipo wenye tarehe, kiasi na jina ulikuwa bado haujafutwa. Tuliunakili, tukamsaidia kuandika barua ya ukurasa mmoja, naye akarudi nayo dukani akiwa na mjomba wake aliyekuwapo siku ya ununuzi. Muuzaji aliisoma mara mbili, akarudisha fedha pungufu kidogo ya bei, na kijana akazipokea. Tulipoondoka alikuwa kwa seremala, akichagua mbao.