SOMO LA LEO: SIMU INAHESABU, BOSI ANAULIZA



Nina duka Mbinga mjini na kibanda Mbamba Bay. Zamani ubosi wangu ulikuwa safari: kila Jumamosi nateremka ziwani, nafungua daftari, nahesabu mzigo, narudi usiku hoi. Kuagiza mali ilikuwa kubahatisha.

Nikaweka programu ya mauzo kwenye simu yangu na ya mpwa wangu anayeuza kibandani. Sasa jioni nikiwa nyumbani naona mauzo ya siku na kilichobaki. Raha!

Siku moja programu ikasema kuna mifuko 9 ya unga. Nilipofika nikakuta 3. Sikuuliza. Nikamwambia dogo afungashe vitu vyake.

Mama mmoja mteja akaniita pembeni: "Baba, unga tumekopa sisi. Mwezi ulikuwa mkubwa, hakuna usipa."

Kweli. Usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, pesa inakauka kijijini. Mpwa wangu alikuwa ameandika wadaiwa wote 6 kwenye kipande cha boksi, maana kwenye simu nilimfundisha kuuza tu, sikumfundisha kukopesha.

"Mjomba, ungeniuliza tu," akasema. Nikaona aibu. Nikamwomba radhi.

Nilichojifunza:

1. Programu inajua ulichoingiza tu. Mkopo uingizwe siku hiyohiyo, jina na kiasi.

2. Kila chombo kina swali lake. Mashine ya EFD inajua mauzo uliyotolea risiti. Taarifa ya M-Pesa inajua pesa iliyopita kwenye simu. Hakuna kati ya hizo inayojua mifuko iliyoko stoo.

3. Hesabu mali kwa macho kila mwezi, wewe na muuzaji wako pamoja.

4. Hesabu ikigoma, uliza kwanza. Namba inakuonyesha pengo, haikuambii sababu.

Siku hizi nashuka Mbamba Bay mara mbili tu kwa mwezi, na muda niliokuwa napoteza kwenye daftari naongea na wateja. Nikiagiza unga naangalia simu, halafu naangalia mwezi angani.

Mpwa wangu bado yupo kibandani. Wadaiwa wote 6 walilipa.

Je, wewe mikopo ya wateja unaiandika wapi?