Kumsikiliza Mwenzio Kazini ni Amana



Huko Buhare, katika Manispaa ya Musoma, kipo chuo cha maendeleo ya jamii. Wanafunzi wake huandaliwa kwenda kwa wananchi na kushirikiana nao katika shida zao. Kazi hiyo ni njema. Lakini yatupasa tuulize: yule anayewasikiliza wengine mchana kutwa, yeye husikilizwa na nani? Na mwalimu, muuguzi, karani au kibarua, akielemewa na mawazo, amwendee nani?

Wapo wanaojibu upesi: "Mwenye imani hahuzuniki. Aswali tu, yatakwisha." Jibu hili huwaumiza watu, hasa walioingia dini karibuni. Mtu hukosa usingizi, chakula hakimpiti, kazi aliyoizoea humshinda. Kisha juu ya mzigo huo huongezewa mwingine, yaani hofu kwamba Mungu amemtupa. Basi na tutazame kama jibu hilo ni la kweli.

Huzuni si ukosefu wa imani

Kurani Tukufu inatueleza kwamba Nabii Yakubu a.s. alihuzunika kwa ajili ya mwanawe Yusufu hata macho yake yakawa meupe. Tena mwaka ambao Mtume Muhammad s.a.w. alifiwa na mkewe, Bibi Khadija r.a., na ami yake Abu Talib, umeitwa katika historia Mwaka wa Huzuni. Ikiwa Manabii walihuzunika, ni nani atakayemhukumu dereva au mpishi kwamba machozi yake ni dalili ya kukufuru?

Mfano wa Bibi Khadija r.a.

Mtume s.a.w. alipopata ufunuo wa kwanza katika pango la Hira, alirudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe. Hatusemi kwamba hali ile ilikuwa ugonjwa, hasha! Ulikuwa uzito wa ufunuo. Lakini namna alivyopokewa ni somo kwetu.

Kwanza, alifunikwa mpaka akatulia. Pili, Bibi Khadija alimsikiliza, hakumcheka wala hakumkemea. Tatu, alimkumbusha mema yake ya kweli: kwamba anaunga udugu, anawasaidia wanyonge, anakirimu wageni. Nne, hakudhani kwamba yeye peke yake anatosha. Alimpeleka kwa Waraka bin Naufal, mzee mwenye elimu ya vitabu.

Elimu ya leo nayo inaonyesha faida ya kusikilizwa hivyo. Mwaka 2006, huko Harare, Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianzisha kazi ya kuwafundisha mabibi wazee kukaa na wenye mawazo kwenye benchi nje ya zahanati. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi humsaidia mtu ataje shida zake, achague moja, kisha watafute pamoja hatua inayowezekana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 watu hao walikuwa na nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu. Kazi hiyo imekwisha fika Zanzibar pia.

Wajibu wa mfanyakazi mwenzake

Mtume s.a.w. alifundisha kwamba yasemwayo kikaoni ni amana. Basi aliyokueleza mwenzio usiyapeleke kwa mkubwa wa kazi, wala yasiwe mazungumzo ya saa ya chai. Usimkatize kwa kumweleza shida zako. Usimwahidi usiloliweza.

Lakini akisema kwamba anataka kujiua, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali mara moja, na uwaambie wanaoweza kusaidia. Amana ya uhai ni kubwa kuliko amana ya siri. Hata asiposema hivyo, ikiwa hali yake haibadiliki kwa majuma mawili, mshauri amwone daktari. Sala na dawa havigombani, kwani aliyeamuru sala ndiye aliyeumba dawa.

Wajibu wa mwajiri

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba siku za kazi zipatazo bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Kwa hiyo kumhurumia mfanyakazi si hasara.

Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa. Anayeugua asione haya kuiomba haki hiyo.

Tena mwajiri achunguze kama chanzo cha huzuni ni yeye mwenyewe. Anayechelewesha mishahara na kuwatukana watu, kisha akawaletea mshauri wa kuwatuliza, anafuta machozi kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono wa pili.

Maswali ya kujipima

1. Je, yupo mwenzangu kazini aliyebadilika, nami sijamwuliza hali?
2. Je, nimewahi kuitoa siri niliyoaminiwa?
3. Nikielemewa mimi, nitamwendea nani?

Msomaji mpenzi, usilale leo bila kulijibu hilo la tatu. Mwenyezi Mungu atujalie masikio yenye huruma na ndimi zenye amana. Amin.