Mkojo ukiwaka moto, usikimbilie kinu

Njoo ukae hapa karibu na dada yako, na huo mlango urudishie kidogo. Usiku umeamka mara sita kwenda haja ndogo, kila ukienda ni matone mawili matatu, yanachoma kama pilipili. Asubuhi ukavizia wenzako watoke, ukaponda punje nne za kitunguu saumu, ukaziba pua, ukameza na maji ya uvuguvugu. Nimejuaje? Harufu, mdogo wangu. Kitunguu saumu hakijui kutunza siri.

Sikucheki, maana na mimi nilipita njia hiyo hiyo. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, choo cha nje, na shoga yangu akaniambia kitunguu saumu na maziwa ni kiboko ya UTI. Siku nne natwanga na kumeza. Siku ya tano nikashikwa na homa, nikatetemeka meno yakagongana, upande mmoja wa kiuno kama nimepigwa teke. Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Nesi aliponiuliza nimekaa na maumivu siku ngapi, nikamjibu mbili. Mtu ana dripu mkononi bado anadanganya! Na yote kwa sababu niliogopa wataniona mhuni.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwenye aibu. UTI haimtafuti mhuni. Mara nyingi huletwa na bakteria wa kawaida kabisa wanaoishi utumboni, wakateleza kutoka nyuma wakaingia mbele. Mrija wetu wa mkojo sisi wanawake una urefu wa kama sentimita 4 tu, wa wanaume hufika 20. Safari ya mdudu kwetu ni fupi, basi. Mtoto wa chekechea anaipata, bibi yako anaipata, hata mtawa. Sasa wewe unamficha nani? Mficha uchi hazai.

Kitunguu chenyewe sikitukani, bila hicho pilau langu ni wali tu. Ukikiponda hutoa kitu kinaitwa alisini, ndicho kinachowasha ulimi, na wanakemia wa Marekani walikitenga tangu mwaka 1944. Ni kweli kwenye vyombo vya maabara kinaua bakteria, wakiwemo hao wa mkojo. Watu wakisikia hivyo tu wanashika kinu. Lakini kibofu chako kiko mbali na kile chombo cha maabara. Alisini ukishaimeza huvunjika upesi mno, hata wapimaji hawaikuti kwenye damu wala kwenye mkojo. Hakuna kipimo kilichothibitishwa cha punje ngapi kwa siku ngapi, na anayekutajia amebuni, hata kama ana sauti nzuri na wafuasi wengi kwenye simu.

Kwa hiyo kula. Tia kwenye mchuzi, kula huku unameza dozi yako, hakuna atakayekugombeza. Ila kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande, au unasubiri upasuaji, mwambie daktari kwanza, maana kitunguu saumu kingi huchelewesha damu kuganda. Na nyie mnaokimenya mkakiweka huko chini, nisikilizeni vizuri: acheni, leo! Kibichi kikikaa kwenye ngozi huunguza mpaka malengelenge. Unatibu moto kwa kuni?

Nenda ukapime. Ukipewa kikopo, jisafishe, mkojo wa mwanzo uache upite, kinga ule wa katikati. Si kila kinachochoma ni UTI; kisonono huchoma, klamidia huchoma, na kama ulikulia kuogelea bwawani au ziwani, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho. Kila kimoja kina dawa yake. Ndiyo maana nakukataza kununua sipro kwa kubahatisha, au kumalizia vile vidonge vitatu vya dada yako vilivyobaki kabatini. Unawafundisha wadudu kuizoea dawa, na siku ukiihitaji kweli haitakusikia. Ikiwa UTI inakurudia kila mara, omba mkojo uoteshwe, wajue ni mdudu gani na dawa gani inamuweza.

Nyumbani kinga yangu ni maji. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara, ambao maji hawakuwa wakinywa sana. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku, kwa mwaka mzima, waliugua karibu nusu tu ya mara walizougua wenzao. Najua unavyojinyima maji kwa kuogopa choo cha stendi, halafu ukibanwa unabana mpaka ufike nyumbani. Acha mchezo huo. Baada ya tendo, nenda ukakojoe. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma, na binti yako mfundishe hivyo hivyo.

Wewe mwenye mimba, hata usipohisi chochote usikwepe kile kikopo cha kliniki. Maambukizi hujificha, na yakiachwa yanaweza kumtoa mtoto kabla ya siku zake.

Na ikija homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje asubuhi, usinitafute kwa ushauri. Nenda hospitali usiku huo huo. Kama nauli huna, gonga mlango wangu.