SOMO: TAI HURUDISHIWAJE UJANA WAKE?

Masomo: Zaburi 103:1-5, Isaya 40:27-31



Ninyi mliopita katika darasa langu la kipaimara mnaikumbuka hadithi ya tai. Tai akifika miaka 40, niliwaambia, mdomo wake hupinda na makucha yake hulegea. Ndipo hupanda mlimani akaugonga mdomo juu ya mwamba mpaka ung'oke, akangoja uote mwingine, akayang'oa makucha na manyoya ya zamani, na baada ya miezi mitano akaruka tena kama kijana, akaishi hata miaka 70. Niliisikia katika mkutano wa Injili zamani, nikaipenda, nikaifundisha miaka mingi. Leo naandika ili niikanushe.

Mwezi wa Agosti 2023 mimi na mama watoto, pamoja na wadogo wetu wawili, tulikwenda likizo Uingereza kwa binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi huko Gloucester. Siku yake ya mapumziko alitupeleka Newent, mwendo mfupi wa gari, kwenye kituo cha ndege wawindaji kilichoanzishwa mwaka 1967 na bwana aitwaye Phillip Glasier. Huko watu huketi mabenchini kando ya uwanja wa majani, na mtunzaji husimama katikati, amevaa glavu nene ya ngozi, akiwarusha ndege mmoja baada ya mwingine. Hawafungwi wanaporuka. Kila siku hupimwa uzito kwa mizani, maana ndege aliyeshiba sana haoni sababu ya kurudi mkononi.

Alianza bundi. Alipita juu ya vichwa vyetu, karibu kabisa, wala hatukusikia hata mvumo wa bawa. Mama watoto alinishika mkono kwa nguvu. Kwetu bundi akilia juu ya paa nyumba nzima hailali. Wale watoto wa Kiingereza walikuwa wakimpigia makofi. Akafuata kozi, aina ile ambayo ikishuka kukamata windo hupita mwendo wa kilometa 300 kwa saa. Kisha akaja tai.

Alipokunjua mabawa tuliona pengo katika bawa la kulia, na pengo jingine kama hilo katika la kushoto. Mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa hana meno mawili ya mbele, alifurahi kumpata mwenzake. Mtunzaji alipokaribisha maswali, kijana huyo akasimama, akauliza kwa sauti kuu huyo tai ataenda mlimani lini kuvunja mdomo wake.

Mtunzaji hakucheka. Alieleza kwamba mdomo wa tai hukua siku zote kama kucha za vidole vyetu. Porini huchakaa kwa kurarua nyama na kusuguliwa. Pale kituoni hupunguzwa kwa tupa ukizidi. Tai akipoteza mdomo wake hawezi kula, naye atakufa kwa njaa muda mrefu kabla ya hiyo miezi mitano. Kuhusu miaka 70, baadaye nilisoma habari za tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe, aliyevishwa pete ya mguuni akiwa kinda mwaka 1977, akaonekana amekufa mwaka 2015. Miaka 38, na huyo alihesabiwa kuwa mzee wa ajabu.

Lakini manyoya, alisema, kweli hufanywa upya. Bata wa majini huangusha manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, akakaa majuma kadhaa bila kuweza kuruka. Tai angefanya hivyo angekufa. Yeye huangusha machache tu, mara nyingi moja upande huu na mwenzake upande ule, ili asipoteze usawa wake. Hayo mapya yakikomaa huanguka mengine. Tai mkubwa humaliza kubadili manyoya yote kwa muda unaopita mwaka mmoja, na wakati wote huo anaruka na kuwinda.

Tena watunzaji huyaokota yale yaliyoanguka na kuyaweka akiba. Ndege akivunjika unyoya kabla ya wakati wake, hukata ule uliovunjika, wakaunganisha wa akiba kwa kijiti chembamba na gundi, naye huruka nao mpaka wake mwenyewe uote.

Nilikaa pale benchini nikimfikiria mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Alikuwa akipigana na pombe. Miezi mitatu alishinda, kisha akaanguka. Akasimama, akaanguka tena. Mara ya tatu nilimhubiria yule tai wangu wa mwamba. Nilimwambia hajavunja mdomo wake, ndiyo maana. Aliondoka kimya, na tangu siku ile hakuonekana kanisani kwa muda wa miaka miwili.

Someni tena Zaburi ya 103. Daudi asema kwamba Bwana hushibisha kwa mema, na ujana wa mtu hurejezwa kama wa tai. Hakuna mlima pale, wala mwamba, wala damu, na anayetenda ni Bwana. (Neno la Kiebrania lililotafsiriwa tai humhusu pia tumbusi, tazameni upara wa Mika 1:16.) Na Isaya, akiisha kuwataja wanaopaa na wanaopiga mbio, humalizia kwa wale wanaokwenda kwa miguu bila kuzimia. Sikuwahi kufundisha sehemu hiyo ya mwisho.

Tuliporudi nyumbani nilikwenda kwa yule mzee nikamwomba radhi. Nikamsimulia habari ya pengo katika bawa. Aliniuliza kama yule tai alikuwa akiruka vizuri hata hivyo. Nikamwambia, ndiyo, vizuri sana.

Alhamisi katika ibada ya nyumbani tutazisoma sura hizo mbili. Wenye kuku wanaonyonyoka manyoya waje na machache, ya zamani na yaliyoanza kuota, tuyaangalie pamoja na watoto.