Kumsikiliza Mungu Tunapoomba

Masomo: 1 Samweli 3:1-18, Luka 10:38-42

Wengi wetu twajua kusema na Mungu. Twamweleza habari za mgonjwa wetu, za mvua, za karo ya mtoto, kisha twasema Amina na kuondoka. Twafanana na mtu aendaye kwa mzee wake kutaka shauri, naye akiisha kueleza shida zake huinuka kabla mzee hajafungua kinywa. Je, amepata shauri? La, amepata kusema tu.

Tazameni mashamba ya ngolo katika milima ya Mbinga. Wamatengo hukata majani, huyalaza kwa mistari ikatanayo hata ifanye miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Basi matuta huzunguka shimo. Mvua inyeshapo, mtelemko usio na mashimo hupoteza maji pamoja na udongo wake. Bali ngolo huyashika maji, yakazama polepole penye mizizi ya maharage na mahindi. Mvua ni ile ile, ila shamba moja lina mahali pa kuipokea. Vivyo hivyo Neno latujia sote kila Jumapili. Kunyamaza katika sala ni kulichimbia shimo. Shimo halileti mvua, wala kimya chetu hakimlazimishi Mungu kusema. Lakini kwa hicho twakishika alichokwisha kutupa.

Samweli aliitwa mara tatu asijue ni nani amwitaye, hata Eli akamfundisha kujibu. Naye alipotega sikio alisikia neno zito juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, akaogopa kulisema. Hapa ndipo yaonekana kwa nini twakimbia kimya. Mtu agombanaye na nduguye kwa mpaka wa shamba la kahawa aweza kuomba ushindi kila usiku mwaka mzima. Akinyamaza kidogo tu, atakumbuka agizo la Bwana la kupatana kwanza na ndugu, ndipo atoe sadaka. Kwa hiyo aona heri aendelee kusema.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia Peter Beskendorf, kinyozi wa Wittenberg, kitabu kidogo cha kumfundisha kuomba. Alimwonyesha jinsi ya kuishika kila amri katika zile kumi na kuitafuta mambo manne: fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Angalieni, fundisho latangulia, na ombi ni la mwisho. Tena alimwonya kwamba Roho Mtakatifu akianza kumhubiri moyoni katikati ya sala, ayaache maneno yake mwenyewe, anyamaze na kusikiliza.

Lakini tujihadhari. Si kila wazo lijalo katika kimya ni sauti ya Mungu. Hasira, tamaa na hofu nazo zina sauti. Ndiyo maana Luther alishikilia kwamba Mungu husema nasi kwa Neno lake lililoandikwa na kuhubiriwa. Mtu akisema ameambiwa na Mungu amfukuze mkewe, au amwite jirani yake mchawi, tumpime kwa Neno, naye hatasimama.

Basi, fanyeni hivi. Chagueni saa kabla ya kwenda shambani au ziwani, kabla magari ya makaa ya mawe hayajaanza kuunguruma njiani, na simu iwekwe mbali. Someni mistari michache, si sura nzima. Nyamazeni mkijiuliza: Mungu anifundisha nini hapa? Nimshukuru kwa nini? Niungame nini? Ndipo muombe. Moyo ukitangatanga, msikate tamaa. Urudisheni kwenye mstari ule ule. Na mkiisha kulisikia jambo la kutenda, litendeni siku ile ile.

Mariamu aliketi miguuni pa Bwana nyumbani mwenye kazi nyingi, wala Bwana hakumwondolea fungu lake. Nasi hatatuondolea letu.