Volkano haisubiri ufunge duka: somo kutoka Goma

Leo siongelei bei wala matangazo. Naongelea ile siku unayotakiwa kutoka nyumbani sasa hivi, na biashara yako yote iko chumbani.

Mimi nauza vitenge mtandaoni, niko Dar. Mzigo wangu mwingine nauchukua kwa dada mmoja wa Goma, Kongo. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa nimeshamtumia nusu ya pesa ya vitenge 40. Jioni ile ile mlima Nyiragongo ukalipuka, na kutoka mlimani mpaka Goma hazifiki kilomita 20. Simu yake ikawa haipatikani. Nikamtumia meseji sita, zote naulizia mzigo. Jumatatu akanijibu kwa sauti: "Mdogo wangu, niko hai, watoto ninao. Mzigo sijui." Kiukweli niliona aibu. Hakuna meseji hata moja niliyomuuliza kama yuko salama.

Alitoka usiku na watoto wawili na simu yenye chaji asilimia 9. Daftari la wanaomdai na anaowadai lilibaki ndani.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inakimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, watu zaidi ya 100,000 wakakosa pa kuishi. Mwaka 2021 ilisimama pembeni ya mji, ila maelfu ya nyumba ziliungua na watu zaidi ya 30 walifariki. Si wote waliouawa na moto. Wapo waliokufa kwa ajali za barabarani wakikimbia, na wapo waliokosa hewa siku mbili baadaye wakivuka lava iliyoonekana imepoa.

Na hakukuwa na tangazo mapema. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepungukiwa fedha, mpaka intaneti ilikuwa imewahi kukatika. Kwa hiyo tangazo lifuate, lakini maandalizi yasilisubiri.

Alhamisi tarehe 27 Mei, wataalamu walihofia magma iliyokuwa chini ya mji, serikali ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Dada akatoka tena. Safari hii alikuwa na mkoba tayari, na daftari lote alishalipiga picha akanitumia. Aliporudi mwezi wa Juni alikuta mlango umevunjwa, mzigo wote umebebwa. Lakini hesabu zilikuwepo. Alijua nani anamdai na nani anadaiwa, akaanza upya kutokea hapo. Mimi alinilipa kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Mtu ni yule yule, tofauti ni siku tano tu. Haya ndiyo tunayojifunza:

1. Andaa mkoba mmoja. Vitambulisho, dawa, maji, tochi, barakoa, chaja, pawabenki na pesa taslimu kidogo. Ukae karibu na mlango. Kama huwezi kukimbia nao, ni mzito mno.

2. Daftari litoke nyumbani kila jioni. Lipige picha, mtumie ndugu wa mji mwingine. Hifadhi na namba za wateja nje ya simu. Namba ya siri ya pesa usimtumie mtu yeyote.

3. Mzigo usikae sehemu moja. Hata robo tu ikiwa kwa ndugu au kwa wakala wa mji mwingine, una pa kuanzia.

4. Pesa ya oda usiile kabla hujatuma mzigo. Mteja aliyelipa nusu bado ana pesa yake kwako. Iweke pembeni.

5. Andika meseji ya dharura leo. Mfano: "Tumehama, tuko salama. Oda zimesimama. Pesa yako ipo, nitakujulisha." Siku yenyewe unabonyeza kutuma tu.

6. Kubalianeni nyumbani. Jueni njia mbili za kutoka na mahali pa kukutana. Mwaka 2021 watoto wengi wa Goma walipotezana na wazazi usiku ule. Mtoto ajue namba ya simu kwa kichwa, au iandikwe ndani ya nguo yake.

7. Zijue rangi za tahadhari. Goma wanatumia kijani, njano, chungwa na nyekundu. Ukiuza huko, kuangalia rangi kuwe kama kuangalia salio.

8. Usirudi kufuata mzigo. Lava juu inaweza kuwa nyeusi, chini bado ni moto na inatoa gesi. Kwenye mabonde kuna mazuku, gesi isiyo na harufu inayotulia chini na kuua mtu bila kelele. Mwaka 2002 watu wengi walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka huku wengine wakichota mafuta. Kitenge kinashonwa kingine.

9. Usisambaze uvumi. Sisi wauzaji tuna magrupu yenye watu wengi kuliko mwenyekiti wa mtaa. Tuma tangazo la serikali au la kituo cha volkano tu, na weka tarehe yake, maana tangazo la juzi leo linaweza kumpoteza mtu.

Na kwa sisi tulio mbali: ukisikia mji wa mwenzako umepatwa, meseji ya kwanza iwe "Uko salama?" Mzigo utaulizia kesho.

Usiku huu, kabla hujalala, fanya namba 2 tu. Piga picha daftari, mtumie mtu. Ukimaliza andika hapo chini "nimetuma", na umtumie somo hili mwenzako anayeuza.